Msimwache Kitzmiller Motoni

Jina la John Kitzmiller lilitajwa barzani kwetu jioni moja, na mtu mzima mwenye elimu yake akauliza: "Yule si ndiye aliyeunguzwa na joka la bati?" Watu wakacheka. Nami nilicheka, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Kwani kicheko kile nilikwisha kukicheka zamani, nikiwa kijana wa skuli katika senema moja ya Mji Mkongwe, siku ilipooneshwa Dr. No, wala sikujua wakati ule nacheka nini.

Sikusudii kumtetea marehemu kwa sababu ya rangi yake, wala kwa kuwa alishinda tuzo. Tuzo si hoja mbele ya wapenzi wa ushairi, ambao wanajua kuwa malenga wengi wamekufa hata kanzu mpya hawakuvishwa. Ninachokipinga ni tabia yetu ya kumkumbuka mtu kwa fedheha aliyovishwa na wengine. Napinga pia ile hadithi ya pili, inayosimuliwa na wale waliokwisha kusoma kidogo: kwamba Mmarekani huyu mweusi aliipa kisogo nchi yake ya ubaguzi, Ulaya ikampokea kwa mikono miwili, akastarehe humo mpaka alipokufa. Hadithi ya kwanza ni kejeli, na ya pili ni uongo uliovalishwa joho la heshima. Baina ya hizo mbili mimi naichukia zaidi ya pili, kwa kuwa kejeli humwamsha mwenye kukejeliwa, ilhali uongo wa heshima humlaza.

Kitzmiller alizaliwa tarehe 4 Disemba 1913 katika mji wa Battle Creek, jimbo la Michigan. Alisomea uhandisi wa kemia katika Chuo Kikuu cha Michigan, jambo ambalo kwa kijana mweusi wa zama zile halikuwa dogo. Vita Vikuu vya Pili vikampeleka Italia akiwa katika jeshi la Marekani. Na jeshi lenyewe lilikuwaje? Lilikwenda kupigana na watu waliohubiri ubora wa damu, huku likiwatenga askari wake weusi katika vikosi vyao peke yao. Amri ya Rais Truman ya kuukomesha utengano huo haikutoka mpaka Julai 1948. Ilipotoka, Kitzmiller alikwisha kuwa uso unaotambulikana katika senema za Italia. Hakurudi kwenye kemia yake. Yasimuliwa kuwa watu wa filamu walimwona akicheza karata wakakipenda kimo chake na sura yake. Kisa hicho kina harufu ya chumvi, lakini chumvi hiyo si mbaya, kwa sababu yatueleza jambo moja la kweli: alichukuliwa kwa umbo. Hakuna aliyemuuliza amesoma nini.

Filamu yake ya kwanza, Vivere in pace ya Luigi Zampa, ilitoka mwaka 1947. Jina lake kwa lugha yetu ni Kuishi kwa Amani. Wanavijiji wa Umbria wanawaficha Wamarekani wawili waliotoroka utekwani, mmoja mweupe na mmoja mweusi, na kijijini yumo askari wa Kijerumani mwenye kuwalinda wote kwa jicho lake moja la usingizi. Usiku mmoja Mjerumani anakuja nyumbani kunywa, ilhali yule mweusi, Joe, amefichwa kwenye ghala la mvinyo, naye huko ndani amekwisha kulewa. Joe anauvunja mlango. Watu wote wanangojea risasi. Badala yake walevi wawili wanakumbatiana, wanacheza, na wanatoka nje kuutangazia ulimwengu kuwa vita vimekwisha, na kijiji kizima kinaamini mpaka kunapokaribia kupambazuka. Ni kitu kizuri mno. Lakini tazameni, ndugu zangu, huyu mweusi analetwaje: mlevi, mwenye kucheka, mwenye nguvu za mwili, mtoto mkubwa asiyejua hatari aliyomo. Mmarekani mweupe wa filamu hiyohiyo ni mwandishi wa habari. Hakuna aliyekusudia ubaya, na hapo ndipo tatizo lilipo. Zampa alitaka kumsifu. Alimpenda kama vile mtu anavyompenda mgeni anayemchekesha.

Mwaka uliofuata ikaja Senza pietà ya Alberto Lattuada, yaani Bila Huruma, ambayo Federico Fellini alishiriki kuiandika. Hii si filamu ya kucheka. Kitzmiller ni Jerry, askari mweusi wa Kimarekani katika bandari ya Livorno, mji uliogeuzwa soko la magendo na ukahaba baada ya vita. Anampenda Angela, msichana wa Kiitalia aliyeigizwa na Carla Del Poggio, naye Angela, aliyepoteza kila kitu, anampenda Jerry. Wanataka kutoroka. Angela anauawa kwa risasi, na Jerry anampakia maiti wake garini, anaendesha mpaka ukingoni, anatumbukia naye baharini.

Wale wa hadithi ya pili huishika filamu hii kuwa ndiyo hati yao. Husema: Hollywood isingeithubutu. Ni kweli kabisa, na sitaki kuonekana kama niikataaye kweli. Kanuni walizojiwekea watengenezaji filamu wa Marekani katika miaka ile zilikataza mapenzi baina ya mweusi na mweupe yasioneshwe. Na Hattie McDaniel, aliyepewa tuzo ya Oscar mwaka 1940 kwa kuigiza mtumishi, aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake, usiku huohuo wa tuzo yake. Kwa kulinganisha na meza ile, Roma ilikuwa neema. Lakini nauliza: neema hiyo ilimpa nini? Ilimruhusu apende, kisha ikamtosa baharini. Mwandishi wa hadithi alifika mpaka kwenye mlango ambao Marekani iliufunga, akaufungua, akaona hajui nini kilichomo upande wa pili, akaurudisha kwa kishindo.

Hesabuni vifo vyake. Jerry anakufa kwa kuzama. Jim wa mwaka 1956, ambaye nitamfikia, anakufa bondeni. Quarrel wa mwaka 1962 anaungua. Mjomba Tom wa mwaka 1965 ni yuleyule wa kitabu cha Harriet Beecher Stowe cha mwaka 1852, ambaye mauti yake kwa mijeledi yalijulikana dunia nzima kabla ya kuzaliwa mwigizaji mwenyewe. Mtu mmoja, vifo vinne, na katika kila kimoja wengine wanabaki na maisha au na hadithi. Kama si kufa basi ni ngoma: katika Luci del varietà ya mwaka 1950, filamu ambayo Fellini aliiongoza pamoja na Lattuada, yeye ni mpiga tarumbeta. Sasa naambiwa kuwa huku ni kupokewa kwa mikono miwili. Mikono ilikuwa miwili kweli, mmoja wa kumkaribisha na mwingine wa kumwonesha pa kukaa.

Liko jambo jingine linalotuhusu zaidi sisi wa magazeti ya mashairi, nalo ni sauti. Katika Italia ya wakati ule maneno ya filamu aghalabu hayakuchukuliwa palepale mbele ya kamera. Mwigizaji alitikisa midomo, na sauti ikatiwa baadaye chumbani, mara nyingi kutoka kinywa cha mtu mwingine kabisa. Fellini alijulikana kwa kuwaambia waigizaji wake wahesabu namba tu, maneno yatatafutwa baadaye. Wageni waliofanya kazi Roma walikuwa katika hali hiyo kila siku: Mmarekani akisema kwa Kiingereza, mwenzake akijibu kwa Kiitalia, kisha wote wawili wakafunikwa na watu wa chumba cha sauti. Wapo waliouona utaratibu huo kuwa ni ustadi wa kazi tu, na kwa fundi ni ustadi. Lakini mwenye kulelewa na ushairi wetu, ambao ulikuwa sauti kabla haujawa wino, na ambao hata leo haujatimia mpaka ughaniwe, atauonaje mwili unaosafiri bila ya sauti yake? Shairi la mtu likighaniwa na mwingine bila ya kutajwa mtunzi tunaita wizi. Uso wa mtu ukighaniwa na mwingine tunaita senema.

Ndiyo maana filamu nitakayoitaja sasa naiweka juu ya zote.

Dolina miru, Bonde la Amani, ilitengenezwa Slovenia, iliyokuwa sehemu ya Yugoslavia, na kuongozwa na France Štiglic mwaka 1956. Watoto wawili waliofanywa mayatima na mabomu, Marko na Lotti, wanatoka mjini kulitafuta bonde ambalo wameambiwa kuwa halina vita. Njiani wanakutana na rubani mweusi wa Kimarekani ambaye ndege yake imeangushwa, Sajini Jim. Marko ni Mslovenia, Lotti ana asili ya Kijerumani, na Jim anasema Kiingereza. Hawaelewani kwa maneno ila kidogo. Wanaelewana kwa mkono uliomshika mtoto, kwa kipande cha chakula, kwa kutazama upande mmoja. Nyuma yao Wajerumani wanawasaka; mbele yao lipo bonde.

Katika filamu hii Kitzmiller hachezi ngoma, halewi, wala hamchekeshi mtu kwa lazima. Anatembea. Anafikiri, nasi tunaona kuwa anafikiri. Anapowatazama wale watoto, uso wake una uchovu wa mtu ambaye amekwisha kujua kuwa bonde lile halipo, na wakati huohuo una azma ya kuwafikisha. Mwigizaji wa nafasi za pembeni amepewa katikati, na ghafla yaonekana kuwa pembeni hakukuwa mahala pake, ila alisukumwa huko. Anakufa, nimekwisha kusema. Na msomaji mkali ataniuliza kama kifo hiki si kilekile, mweusi akiwafia watoto weupe. Swali la haki. Nitalijibu hivi: Jerry aliuawa na mwandishi asiyejua la kumfanyia, Quarrel atauawa ili njia ya shujaa iwe nyepesi, ama Jim anauawa na vita, kama walivyouawa wengine wengi katika ardhi hiyohiyo iliyopigiwa filamu, miaka kumi na moja tu baada ya vita kwisha. Waslovenia waliotengeneza filamu ile walijua walichokuwa wakikizika. Hawakumwonea huruma Jim kwa rangi yake. Walimzika kama wao.

Tamasha la Cannes la mwaka 1957 likampa Kitzmiller tuzo ya mwigizaji bora wa kiume. Alikuwa mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka huohuo tuzo ya mwigizaji bora wa kike ilikwenda kwa Giulietta Masina, ambaye miaka tisa nyuma, katika Senza pietà, alikuwa amecheza nafasi ndogo kando ya Kitzmiller. Walipanda pamoja, basi. Masina alishuka kwenye ngazi zile akiwa malkia wa senema ya Italia. Kitzmiller alishuka akiwa nani? Mwaka 1958 tunamkuta katika The Naked Earth, filamu ya Kiingereza ya Vincent Sherman iliyosimulia habari za mzungu wa Kiairishi anayekuja kutafuta riziki Uganda. Richard Todd na Juliette Gréco ndio wenye hadithi, na Kitzmiller ni David, mtu wa kando. Mwaka mmoja tu! Tuzo ya Cannes haijapata hata kutua vumbi, mwenyewe amekwisha kurudishwa pembeni, na safari hii pembeni pa Afrika yetu, ambako mtu angetaraji kuwa angalau hapo mweusi hatakuwa mgeni katika hadithi. Mweusi wa pili kupata tuzo ile ya Cannes alikuwa Forest Whitaker, mwaka 1988. Miaka thelathini na moja ilipita katikati.

Sasa tufike kwenye joka.

Dr. No ilipigwa Jamaica mwanzoni mwa mwaka 1962 na kuoneshwa London mwezi wa Oktoba. Baina ya kupigwa na kuoneshwa, tarehe 6 Agosti 1962, Jamaica ilipata uhuru wake. Watu wa kisiwa wanatambua uzito wa miezi hiyo michache: filamu ilianza ikiwa na gavana ikamalizika ikiwa na waziri mkuu. Ndani yake hakuna dalili ya jambo hilo. Kitzmiller ni Quarrel, mvuvi kutoka visiwa vya Cayman, na kinywani mwake mmetiwa lafudhi ya visiwa ambavyo hakuzaliwa. Ndiye mwenye chombo. Ndiye anayemvusha James Bond usiku mpaka Crab Key, kisiwa ambacho wavuvi hawakikaribii. Wasomaji wa pwani hawahitaji kufundishwa maana ya kuvusha mtu gizani mpaka kisiwa chenye walinzi: ni elimu ya maji, ya upepo, na ya kunyamaza. Huyu ndiye mwenye kujua katika safari ile. Bond ni abiria.

Wanapofika nchi kavu mambo yanapinduka. Nahodha anageuzwa mtoto. Anayatoa macho kwa khofu ya joka, anainua gudulia la pombe, na abiria wake anamwamrisha amletee viatu. Viatu! Mwenye chombo anaambiwa na aliyevushwa: niletee viatu vyangu. Sijui neno lililoandikwa katika filamu hizo, na ni filamu zaidi ya ishirini, ambalo limenikera kuliko hilo, hasa kwa kuwa limesemwa bila ya ukali wowote, kama vile mtu aombavyo chumvi mezani. Naye Honey, yule msichana mweupe aliyetoka majini na komba zake, pia anaamini kuwa joka lipo na asema amekwisha kuliona. Imani yake imefanywa uzuri wa kitoto. Imani ya Quarrel imefanywa ujinga. Kisha joka linakuja, nalo ni gari la deraya lenye kutema moto, yaani Quarrel alikuwa na haki ya kuogopa na Bond alikuwa amekosa kudharau. Na anayeungua ni aliyeonya. Hadithi inaendelea na karamu ya Dr. No, na hatusikii tena habari ya nahodha.

Nalo ni kosa lililowasumbua wenyewe. Ian Fleming alimwandika Quarrel kwanza katika Live and Let Die, kitabu cha mwaka 1954, kisha akamwua katika kitabu cha mwaka 1958. Watu wa filamu walianza na kitabu cha kifo, kwa hiyo walipoirudia ile ya kwanza mwaka 1973 walijikuta hawana Quarrel. Wakamzulia mtoto wa kiume, Quarrel mdogo, akaigizwa na Roy Stewart. Yaelekea nahodha huyo hakuwa mtu wa kupita baada ya yote, kama walilazimika kumtafutia mrithi.

Turudi barzani. Mwenzetu mmoja alisema, na alisema kwa nia njema: "Lawama ni ya Kitzmiller mwenyewe. Angekataa, kama alivyokataa Paul Robeson." Hoja hii nimeisikia mara nyingi, na ina ladha kwa sababu Robeson ni wetu kidogo, alisomea Kiswahili London katika miaka ya thelathini, na mtu aliyeihangaikia lugha yetu tunampa kiti cha mbele. Ni kweli kuwa Robeson aliijutia Sanders of the River ya mwaka 1935, na kuwa baada ya filamu ya mwaka 1942 aliiacha senema ya Hollywood kwa kuchoshwa na nafasi alizopewa. Lakini Robeson alipoiacha senema alikuwa na koo lake. Alikuwa na kumbi za muziki katika nchi nyingi zilizomngojea aimbe. Na pamoja na hayo serikali yake ikamnyima pasipoti tangu 1950 mpaka 1958, ikamfungia riziki yake ndani ya mipaka. Kitzmiller hakuwa na koo la kuuza. Hata hilo alilokuwa nalo, tumekwisha kuona lilivyofanywa. Alikuwa na uso na kimo, katika mji wa watu. Mwenye kumtaka mvuvi akatae samaki wadogo kwanza amwoneshe wapi walipo wakubwa.

Na sikubali kuwa alicheza kama mtu aliyekubali. Itazameni tena Dr. No kwa jicho la mtu anayesoma ubeti mara ya pili. Katika onesho la mwanzo, ufukweni, pale Bond anapomwendea Quarrel kumuuliza habari za chombo, Kitzmiller amesimama kwa uzito wa mtu asiyepungukiwa na kitu. Anajibu kwa ufupi. Anampima mgeni. Mswada haujampa heshima ile. Ameileta mwenyewe kutoka bonde la Slovenia. Ni kama mghani aliyepewa ubeti mbovu akaughani kwa mahadhi mazuri, na wasikilizaji wakaondoka na mahadhi bila ya kujua kuwa maneno yalikuwa mabovu. Lawama ya viatu ni ya aliyeyaandika maneno ya viatu.

Lakini naogopa kuwa tukimaliza kuwalaumu Waingereza tutakwenda kulala kwa raha, na hilo sitaki. Nimesema nilicheka, ujana wangu, katika ukumbi uliojaa watu wenye rangi ya Quarrel. Tulicheka kwa sababu tulikwisha kufundishwa kucheka, na mwalimu hakuwa Fleming peke yake. Nani katika michezo yetu ya redio na ya jukwaani ndiye mlinzi wa mlango? Nani ndiye mpishi, mchukuzi, mtwana? Huletwa na lafudhi ya bara, Kiswahili chake kikivunjwa kwa makusudi, akaogopa mashetani kabla ya mtu mwingine yeyote, akaambiwa alete viatu, na ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Tunaishi hatua chache kutoka mahala palipokuwa soko la watumwa mpaka mwaka 1873. Waliouzwa pale walitoka bara, na waliobaki kisiwani watoto wao ni sisi, tupende tusipende. Halafu tunashangaa kuwa Mwingereza amemvunja mvuvi wa Cayman ulimi! Kila mtunzi wa michezo anayesoma ukurasa huu na auchukue mswada wake wa mwisho amtafute Quarrel wake. Atamkuta, na aghalabu hatakuwa na jina zaidi ya "Boi".

Miaka ya mwisho ya Kitzmiller haina mengi ya kutukawiza. Zilikuwapo filamu za khofu za bei rahisi, kama ile ya Kijerumani ya mwaka 1964 yenye mapango na wafu wanyonyao damu, ambamo yeye ni mtumishi aitwaye John, jina lake mwenyewe, kana kwamba hata uchovu wa kumbatiza uliwashinda. Kisha ikaja Onkel Toms Hütte ya Géza von Radványi, Kibanda cha Mjomba Tom, iliyopigwa Yugoslavia. Nchi ileile iliyompa Sajini Jim sasa ilivishwa sura ya Mississippi ili afe humo akiwa mtumwa mpole. Sijui kama aliyepanga safari zile aliiona kejeli yake. Kitzmiller alifariki Roma tarehe 23 Februari 1965 kwa maradhi ya ini, umri wake miaka hamsini na mmoja. Filamu ilifunguliwa Ujerumani mwezi wa Aprili. Nafasi kubwa kabisa aliyopata kuitwa kwa jina lake juu ya ubao, hakuiona, na mimi nathubutu kusema haikuwa hasara.

Bonde la Amani ilisafishwa upya na kuoneshwa tena Cannes mwaka 2016 miongoni mwa kazi za kale. Kwa hivyo nakala ipo, na ni nzuri. Tamasha letu la filamu la nchi za jahazi, lililoanzishwa 1998, limezoea kutuketisha usiku ndani ya Ngome Kongwe, chini ya nyota, tukitazama kazi za pande zote za dunia. Naliomba liilete filamu ile kwa usiku mmoja. Wasituletee Dr. No kwa kisingizio cha kumwenzi marehemu. Ile tumekwisha kuiona, na wenye kulipenda joka wataliona majumbani mwao. Tuoneshwe Sajini Jim, na mkono wake juu ya bega la mtoto asiyeijua lugha yake.

Najua nitajibiwa kuwa watazamaji hawatafahamu maneno. Kiingereza cha Jim nitakifasiri mwenyewe, bila ya malipo, na Kijerumani kidogo kilichomo tutapata mtu. Anayejua Kislovenia kisiwani hapa na apite barzani kwetu jioni yoyote baada ya alasiri, aulizie mwenye miwani.